Kusoma si Kuitikia: Gazeti la Darasa katika Somo la Kiingereza

Kila mwanachuo aliyekwisha kwenda mazoezi ya kufundisha amepata kuisikia sauti hii. Mwalimu husoma sentensi ya Kiingereza, darasa zima huiitikia kwa pamoja, na apitaye nje hudhani kwamba ndani ya chumba kile wamo wasomaji hodari. Lakini ziba picha iliyo juu ya ukurasa, umwonyeshe mtoto mmoja neno lililo katikati ya sentensi, naye atanyamaza. Ameikariri aya kama akaririvyo wimbo. Macho yake hayakuwa na kazi.

Jambo hili si dogo. Mtoto huyu akiingia sekondari atakuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza, na kitabu cha Jiografia hakitamwimbia. Ndipo wengi waliokuwa werevu huonekana wajinga, nao wenyewe huanza kusadiki hivyo. Mwalimu wa shule ya msingi aliyemzoeza mtoto kuitikia badala ya kusoma hakumpotezea kipindi kimoja tu. Amempotezea na miaka minne iliyo mbele yake.

Katika makala haya twakusudia kutetea njia moja isiyohitaji fedha nyingi, nayo ni gazeti la darasa: karatasi kubwa ukutani, yenye habari fupi za Kiingereza zilizotungwa na wanafunzi wenyewe, zikasomwa na wenzao. Twasema wazi kwamba hatukuiamini njia hii tangu mwanzo.

Ugumu uko wapi?

Mtoto wetu hujifunza kusoma kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo maandishi yake ni maaminifu. Vokali zetu ni 5 na herufi zake ni 5. Ajuaye silabi zake aweza kutamka hata neno asilolijua maana. Kiingereza kina herufi 26 za kuandikia sauti zipatazo 44, na kati ya hizo sauti za vokali peke yake hukaribia 20. Mtoto akikutana na neno “come” hulisoma ko-me, na “one” hulisoma o-ne. Mwalimu asiyefikiri humkemea kwa uvivu. Kumbe mtoto ametumia kanuni aliyofundishwa, na kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa lugha aliyofundishiwa.

Hapa pana funzo kubwa. Katika Kiswahili mtoto aweza kutamka kwanza na kuelewa baadaye. Katika Kiingereza mara nyingi hana budi kulijua neno kwanza, kulisikia na kulitumia, ndipo aweze kulitambua kwa uhakika akiliona limeandikwa. Basi maana hutangulia. Na maana itoke wapi, ikiwa aya iliyo kitabuni yazungumzia jambo asilopata kuliona wala kulisikia? Haina budi kutoka katika mambo ambayo mtoto amekwisha kuyajua: kisima kilichokauka, mechi ya Jumamosi, mdogo wake aliyezaliwa juzi.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa Kifaransa Célestin Freinet, aliyekuwa amejeruhiwa mapafu katika Vita vya Kwanza vya Dunia na hivyo hakuweza kuzungumza kwa muda mrefu darasani, alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa. Wanafunzi wake wakatunga habari za kijiji chao, wakazichapa, na kubadilishana na wanafunzi wa shule nyingine ya mbali. Huko New Zealand, Sylvia Ashton-Warner, ambaye kitabu chake kiitwacho Teacher kilitoka mwaka 1963, aliwafundisha watoto wa Kimaori kusoma kwa kuanza na maneno waliyoyataja wao wenyewe. Hata hapa Tanzania, kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 ilikuwa na gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliokwisha jifunza kusoma wasije wakasahau. Wote hao walitambua jambo moja: asomaye hutaka kujua, na asiyetaka kujua hasomi.

Kosa letu

Hapana budi tukiri. Miaka michache iliyopita tulikwenda kumtazama mwanachuo wetu akifundisha Darasa la Tano katika shule moja ya kijijini. Ukuta wa nyuma ulikuwa na karatasi ya manila iliyobandikwa kwa uji wa unga wa muhogo. Juu yake mtoto mmoja alikuwa ameandika: “My goat it is lost. He have one white leg. If you see him tell me.”

Tuliyaona makosa tu. Katika fomu ya tathmini tuliandika kwamba sarufi mbovu imeachwa ukutani, tukampunguzia mwanachuo alama katika zana za kufundishia, na tukamwagiza aiondoe. Aliiondoa pale pale mbele ya darasa. Mwenye mbuzi alikuwa ameketi dawati la pili. Hakusema neno.

Juma lililofuata tulirudi. Kipindi kilikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba darasa liliitikia vizuri. Tulipowaita watoto wanne mmoja mmoja kusoma aya ile ile, hakuna aliyefika mwisho. Wakati wa mapumziko tulipita nyuma ya madarasa, tukakuta kundi la watoto wameinamia kitu chini. Ilikuwa ile karatasi, imekunjwa kunjwa na kuchanika pembeni. Mmoja alishikilia kwamba mbuzi alikuwa na mguu mweusi. Mwenzake akaweka kidole juu ya neno, akasema kwa Kiingereza: “Not black. Look. White.”

Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto yule alirudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi, akaupata, akamshinda mwenzake kwa huo. Hiyo ndiyo kazi ya msomaji, nasi tulikuwa tumeiamuru iondolewe ukutani. Alama zilikuwa zimekwisha pelekwa chuoni. Mwanachuo alifaulu, lakini hakubandika gazeti jingine hadi mazoezi yalipokwisha. Tulimwomba radhi; woga tuliompa hatukuweza kuufuta.

Utaratibu tunaoushauri

Hatusemi kwamba makosa yaachwe. Makosa ya mtoto yule yalikuwa na sababu, nayo yangalisahihishika kwa dakika tano. Kiswahili hutumia “yeye” kwa wote, kwa hiyo mtoto hakujali kama mbuzi ni dume au jike. Mahali pa kusahihisha ni daftarini, mwandishi akiwa pamoja na mwalimu, kabla habari haijapanda ukutani. Mwalimu amwulize, “Mbuzi wako ni jike?” na mtoto abadilishe mwenyewe. Kinachobandikwa kiwe Kiingereza sahihi, lakini kibaki kuwa habari ya mtoto.

Juma lipangwe hivi. Siku ya kwanza ni mazungumzo: watoto waeleze habari zao kwa mdomo, na mwalimu awape maneno ya Kiingereza wanayoyakosa. Siku ya pili waandike katika makundi, sentensi tatu hadi tano, zisizidi. Siku ya tatu wasahihishe na kunakili kwa maka peni, herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka kutoka dawati la mwisho. Siku mbili zilizobaki ni za kusoma, na hapo ndipo walimu wengi huchoka mapema. Gazeti likishabandikwa, somo la kusoma ndilo kwanza linaanza.

Tuanze na kubashiri: habari ifunikwe, kichwa chake tu kiachwe wazi, na watoto waseme wanatazamia kusoma nini. Kisha wapitie upesi kupata wazo kuu: ni habari ipi inayohusu mnyama, ipi inayohusu ugonjwa? Halafu watafute jambo mahususi, kwa muda uliopimwa: nani, wapi, siku gani? Wakikutana na neno geni, wasikimbilie kumwuliza mwalimu. Wasome sentensi iliyotangulia na inayofuata, wakisie. Mwisho watenganishe lililosemwa na lisilosemwa. Je, gazeti limesema mbuzi ameibwa? La, limesema amepotea tu. Mtoto awezaye kulitambua hilo hatadanganywa kwa urahisi na maandishi yoyote maishani mwake.

Tena liwepo jibu. Chini ya kila habari iachwe nafasi, na wasomaji wabandike vikaratasi vyao: swali, au taarifa kwamba mbuzi ameonekana karibu na mto. Mwandishi atasoma majibu hayo bila kuhimizwa na mtu. Habari isiyopata jibu hata moja humfundisha mwandishi kwamba hakueleweka, nayo humwuma kuliko kalamu nyekundu.

Hoja za wanaopinga

Wenzetu husema muda hautoshi kwa sababu ya muhtasari. Hatuombi vipindi vipya. Wakati uliopita, vivumishi vya umilikaji na maneno ya mahali, yote yamo katika muhtasari, na yote yaweza kuingia katika habari ya mbuzi aliyepotea. Gazeti halichukui nafasi ya kitabu cha kiada; humfikisha mtoto kwenye kitabu akiwa amekwisha zoea kudai maana.

Husema pia kwamba madarasa ni makubwa. Kweli, tumeyaona ya watoto 90 na zaidi. Basi makundi mawili tu yaandike kila juma na mengine yasome na kujibu; zamu itazunguka. Karatasi moja isitoshe, habari zigawanywe katika kuta mbalimbali na makundi yahame. Pasipo manila, mifuko ya saruji iliyopasuliwa hufaa, na pasipo hata hiyo upo ubao, mradi habari isifutwe kabla watoto hawajaisoma.

Hatari tunayoiogopa zaidi ni nyingine. Ni gazeti la wageni: lile ambalo mwalimu hulitunga mwenyewe kwa Kiingereza kizuri, akalipamba kwa rangi na kulibandika siku moja kabla wathibiti ubora hawajafika, likakaa hapo mpaka likageuka manjano. Gazeti la namna hiyo halina kosa hata moja, na halina msomaji hata mmoja.

Kwa hiyo, enyi walimu wa kesho, mtakapoandika maandalio ya masomo yenu, jiulizeni kwanza: ni nini katika somo hili ambacho mtoto atatamani kukijua? Mkikosa jibu, lisimamisheni somo hilo mpaka mlipate. Na ikiwa mkufunzi atakuja darasani kwenu, akasimama mbele ya gazeti la watoto wenu na kutazama makosa tu, msiliondoe kwa haraka. Mwombeni kwa adabu amwite mtoto mmoja amsomee.