Mwenye picha ni ng'ombe

Mrembo ukimwambia "tulia nikuchore", anatulia. Ng'ombe je? Anapunga mkia, anakugeuzia makalio, huyo anaondoka zake. Ndiyo maana, nadhani mimi, wachoraji wengi wa zamani kule Ulaya walimtupia ng'ombe bondeni, kadoa kadogo ka kupamba mandhari.

Dada mmoja wa Kifaransa, Rosa Bonheur, alizaliwa Bordeaux mwaka 1822, hayo hakuyataka. Familia yake ilifuga kondoo ghorofani, katikati ya Paris, eti apatikane wa kuchorwa! Mdogo wake wa kiume ndiye alikuwa akimbeba kumshusha ngazi akale majani. Halafu binti akaenda machinjioni, kwenye damu na harufu, kuangalia misuli na mifupa ilivyokaa. Akaenda na soko la farasi.

Sasa hapo ndipo kimbembe. Gauni refu katikati ya wachinjaji na madalali wa farasi, wanaume watupu, kero zao unazijua. Suruali ingemsaidia, lakini kwa agizo la mwaka 1800 mwanamke wa Paris kuvaa suruali ni mpaka polisi wampe kibali. Usicheke, dada yangu. Akakiomba, akapata. Kibali chake cha 1857 kilikuwa cha miezi sita tu, kwa "sababu za kiafya". (Agizo lenyewe, waziri wa Ufaransa alikuja kutamka kuwa halina nguvu mwaka 2013. Juzi tu!)

Alichokitoa huko ndicho kinachonikosesha usingizi. Mwaka 1848 serikali ilimwagiza picha kwa faranga 3,000, akaimaliza 1849: maksai wa Nivernais wanakokota plau, jozi kwa jozi, ute mdomoni, udongo mbichi umepinduka miguuni mwao. Wakulima wapo, ila nani anawaona? Maksai mmoja mweupe pale katikati kageuza jicho anakutazama wewe. Si kwa hasira, si kwa upole. Kachoka, bwana, na anajua umemwona.

Picha ya farasi wa sokoni iko New York, ina upana wa mita tano, na watu wanaisifia zaidi. Waisifie. Mimi nikipata nauli ya Paris naenda Musée d'Orsay, nisimame mbele ya huyo maksai mpaka walinzi wanifukuze.