Mara 49 kwenye mionzi, kisha mapumziko

Ukimpeleka mtoto kupigwa eksirei, utaona mtaalamu anamweka sawa, halafu anakwenda haraka nyuma ya ukuta. Picha moja haimtishi. Mtoto wako anapigwa hiyo moja, lakini yeye anapiga kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, na dozi hujumlishwa.

Hesabu kama hiyo ndiyo iliyochora njia ya Europa Clipper, chombo cha anga ambacho NASA ya Marekani ilikirusha Oktoba 14, 2024 kwenda Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za jua letu. Kinakwenda kuchunguza mwezi wake mmoja, Europa. Wanasayansi wanaamini chini ya barafu yake kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote, na penye maji watu huulizia uhai.

Mtoto mdadisi atauliza: si kiuzunguke huo mwezi tu? Ni swali zuri. Europa umo ndani ya mionzi mikali inayoizunguka Mshtarii, na chombo kingekaa pale vifaa vyake vingekufa baada ya miezi michache. Kwa hiyo kitaizunguka Mshtarii yenyewe, kwa njia ndefu yenye umbo la yai. Kitazama kwenye mionzi kwa siku moja hivi, kipite juu ya Europa, safari nyingine kwa kilomita 25 tu, kisha kikimbilie mbali na kutuma nyumbani kilichokusanya. Baada ya wiki tatu hivi kinarudi. Kitaupita mara 49, kila mara juu ya sehemu nyingine, hadi karibu mwezi wote uwe umeonekana.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyoiokoa safari. Mei 2024, miezi mitano kabla ya kuruka, iligundulika kwamba transista zilizokwisha kufungwa ndani ya chombo huenda zisihimili mionzi. Wahandisi walizipima miezi minne, usiku na mchana. Zikapatikana zinapona kwa kiasi zikiwa mbali na mionzi, katika zile siku 20 za kila mzunguko. Naandika habari za afya, sikutegemea kulikuta neno "kupona" huko.

Chombo kinatarajiwa kufika Mshtarii Aprili 2030. Mwanao atakuwa darasa la ngapi?