Simba Mwenye Jina la Kituruki



Wako wasemao kwamba hadithi za watoto hazistahili kupimwa kwa mizani ya watu wazima. "Ni ngano tu," husema, "mwacheni mtoto afurahi." Maneno hayo nami niliyasema kwa miaka mingi, mpaka jioni moja binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alipokifunga kitabu cha saba cha hadithi za Narnia, akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Baba, hawa waovu wenye vilemba ndio sisi?"

Sikuwa na jibu. Nikakichukua kitabu chenyewe nikakisoma usiku uleule.

Mtungaji wake, C. S. Lewis, alizaliwa Belfast mwaka 1898, akasomesha fasihi Oxford na baadaye Cambridge, na alikuwa Mkristo mwenye bidii ya kuitetea dini yake. Hilo si kosa. Hadithi zake za Narnia zilianza kutoka mwaka 1950, na hiki cha mwisho, The Last Battle, kilitoka mwaka 1956. Simba Aslan ndiye mfano wa Masihi kama Wakristo wanavyomwamini. Maadui ni watu wa Calormen, nchi iliyo kusini ya jangwa: nyuso nyeusi, ndevu ndefu, vilemba, panga za kupinda. Mtoto wa Kiislamu hana haja ya kuelezwa watu hao wamefananishwa na nani.

Kisha, juu ya mavazi hayo, mtungaji akawapa mungu aitwaye Tash, mwenye kichwa cha ndege na mikono minne, anayechinjiwa wanadamu. Hapa ndipo ulipo ugomvi wangu. Kilemba ni chetu, sanamu si letu. Hata asiyejua chochote kuhusu Uislamu huwa amesikia kwamba hatuabudu masanamu. Na atakayeniambia kuwa watu wa Calormen basi si Waislamu, nitamwuliza: kwa nini wakavikwa nguo zetu? Msomaji wa miaka kumi na mmoja hashiki elimu ya tauhidi kwanza, hushika picha.

Tena si nguo tu. Mfalme Tirian wa Narnia na wenzake wanajipaka rangi usoni wafanane na maadui, wapate kupita. Mfalme anapokwisha kuinawa ile rangi, anasema sasa anajiona tena mtu wa kweli. Nilirudi nikasoma mara ya pili, nikidhani nimekosea.

Sitaki kumdhulumu mtu. Kitabu kina mambo ambayo natamani tungeyaandika sisi. Sokwe mmoja anamvisha punda ngozi ya simba, anamficha bandani, humwonyesha usiku tu kwa mbali, na kila amri yake mwenyewe anaitangaza kuwa ni amri ya Simba. Watu wanatii, wanafanyishwa kazi, na njugu analetewa yeye. Sokwe huyo yumo katika kila dini, na kwetu hakosekani. Jirani yangu aliponishauri nikitie moto kitabu hicho, nilimkumbuka yule sokwe, nikakataa.

Yumo pia kijana Emeth, askari wa Calormen, mkweli, mwenye kumpenda mungu wake kwa moyo safi. Anapofika mbele ya Simba akitazamia kuuawa, anapokewa. Anaambiwa kuwa wema wote alioutenda kwa jina la Tash umehesabiwa kwa Simba. Wengi husifu sehemu hii kuwa ni ukarimu. Mimi naona ukarimu wa nusu. Katika taifa zima lenye miji na majeshi, mwema aliyeonekana mlangoni ni mmoja, na hata wema wake umeandikwa katika daftari la mwingine. Sisi tunapohadithia Waislamu wa mwanzo waliokimbilia Habasha, tunamsifu Najashi kwa uadilifu aliouonyesha akiwa mfalme wa Kikristo, katika nchi ya Wakristo. Hatukuwageuza kwanza Wahabeshi wote kuwa mashetani ndipo tumtoe yeye mmoja.

Lakini la ajabu kuliko yote liko katika jina. Aslan ni neno la Kituruki, maana yake simba. Lewis mwenyewe alieleza katika barua kwamba alilikuta katika maelezo ya Alfu Lela Ulela, katika tafsiri ya Lane. Basi jina la shujaa wake, lile jina ambalo wanyama wa Narnia hutetemeka kulisikia, alilichukua kwa watu wenye vilemba. Akampa Simba jina la Waturuki, na Waturuki akawapa Tash. Mtu akiazima kitu kwa jirani, haimpasi kumchora jirani huyo kama jini ukutani mwake.

Asubuhi nilimrudishia binti yangu kitabu chake. Nilimweleza habari za Alp Arslan, sultani wa Waseljuki aliyewashinda Warumi wa Constantinople kule Manzikert mwaka 1071, na kwamba jina lake na la yule Simba ni moja. Akafungua ukurasa wa mwanzo, akatafuta, akafungua wa mwisho.

"Mbona hapa hawakusema?" akauliza.

Nawaomba walimu wanaokiweka kitabu hicho katika makabati ya madarasa yao wawe tayari na jibu.