Dizeli, Petroli na Mapafu ya Jirani

Nchini Marekani, ubishi wa wenye pikapu hauishi: ipi yafaa kuvuta tela zito, ya dizeli au ya petroli? Kwa upande wa kazi, jibu halina fumbo. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo mkali wa hewa na hutoa nguvu kubwa ingali ikizunguka taratibu. Anayepandisha tani 6 milima ya Colorado kila wiki ana haki ya kuichagua. Anayevuta mashua mara mbili kwa mwaka hutosheka na petroli, ambayo gari lake ni nafuu kununua.

Ninalotaka tulitafakari ni jingine. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Sheria za Marekani zilikwisha kulazimisha vidhibiti vya moshi. Hata hivyo, mwaka 2020 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilikadiria kuwa zaidi ya pikapu 500,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vidhibiti hivyo katika muda wa takriban miaka 10.

Wapo wanaouita huo uhuru. Ni uhuru gani ambao nguvu yake hubaki kwa dereva, na masizi yake huingia kifuani mwa mtoto wa jirani? Serikali isimchagulie raia injini. Ilinde hewa tunayoivuta sote. Mwenye mzigo auvute, asiwatwishe wengine.