Mbele ya kumwanga beto, acheni fero moja inje

Ndugu watumikaji, na ninyi mamama, sisi njo tunachimba shaba, lakini nyumba zetu nyingi hazina hata waya moja ya shaba ya kupeleka kuran ndani ya udongo. Na ule aliyetia piketi ya terre, siku moja anaamka anakuta tundu. Kwangu waliifukua usiku, pamoja na waya yake, kiangazi kilichopita. Wiki mbili kisha, mke wangu alishika frigo na mikono ya maji, kuran ikamutupa chini. Hakufa. Ni juu ya ile ninaandika.

Kuko terre ambayo mwizi hawezi kuiba: fero za fondasio. Wakati wa vita ya pili ya dunia, enjenia Herbert Ufer wa Marekani alitafuta terre nzuri kwa magala ya risasi kule Arizona, inchi ya ukavu. Akafunga waya kwa fero zilizo ndani ya beto. Miaka mingi kisha, vipimo vilikuwa bado vizuri. Juu ya nini? Beto inayogusa udongo inakunywa maji na kuyachunga. Piketi fupi, udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa 8, haisaidii sana.

Kanuni ya Marekani inaomba fero ya metre 6 kwa uchache, unene wa milimetre 13, na beto ya santimetre 5 kuizunguka. Fero zifungwe pamoja sawasawa. Musitandike plastike chini ya ile beto, itakata njia ya maji na ya kuran. Fero moja ipande ndani ya ukuta mpaka karibu na kofre, pahali elektrisie anaweza kufika. Na disjonkteri diferansiele ya miliamperi 30 inabaki lazima, sababu ile njo inakata kuran.

Maso atakuambia: « Patro, tutaona kisha. » Musikubali. Beto ikikauka, fero hautaifikia tena bila nyundo.

Na kampuni zinazojengea watumikaji nyumba? Delege wa sendika afike siku ya fondasio, hapana siku ya kutoa funguo, siku ile kila kitu kimekwisha kupakwa rangi. Tuandike neno hili ndani ya mapatano.

Kwangu nimechelewa. Lakini jirani yangu anamwanga beto siku ya posho, na amenikubalia nichague fero.