Kirusi cha Mbeya, kipimo cha Baltimore

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni, tuongee dawa.

Takwimu mnazijua. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe wana VVU, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Huku kwetu ARV si habari ya jirani.

Swali langu: dawa hizo zilichongwa kwa kipimo cha nani? Proteasi ni kimeng'enya kinachokatakata protini za kirusi ili kikomae. Umbo lake lilijulikana 1989, wataalamu wakaanza kuunda molekuli za kuziba tundu lake. Dawa za mwanzo zilikuwa kakamavu na zenye asili ya mafuta. Ziliingia tunduni zaidi kwa kukimbia maji. Kirusi kikibadili tundu kidogo, dawa inapwaya kama kiatu cha kuazima. Ernesto Freire na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walipima joto linalotoka dawa inaposhikana na kimeng'enya. Hoja yao: tafuteni dawa inayoshika kwa vifungo imara, si kwa kukimbia maji tu. Darunavir, iliyoidhinishwa Marekani 2006, inashika hivyo.

Sasa sikilizeni. Utafiti mwingi ulitumia kirusi cha tawi B, la Ulaya na Marekani. Mbeya tuna A, C, D na michanganyiko yake. Mwaka 2001 timu ya Freire ilipima proteasi za A na C, ikakuta dawa za wakati ule zinazishika kwa nguvu ndogo zaidi. Asiache mtu kumeza dawa, zinaokoa! Ila usugu ukiongezeka juu ya pengo hilo, mgonjwa ndiye anayelipa.

Mimi nasema tuanze. NIMR ina kituo Mbeya, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko mji huohuo. Maumbo ya protini yako bure kwenye intaneti, na programu ya AutoDock ya kujaribisha dawa tunduni ni bure pia. Hapo panatakiwa kompyuta na mwalimu tu. Kompyuta inakisia, kalorimita ndiyo inayothibitisha. Ni ghali, lakini moja ingetosha Nyanda za Juu Kusini nzima.

Najua mtaniambia shule hazina madawati. Kweli. Lakini tusipouliza sisi jinsi dawa inavyoshika kirusi cha Mafinga, nani atauliza?

Semeni, wadau.