Programu ya Bei Isitufichie Kiwango

Muhula huu wenzetu wa Chama cha Kompyuta walitutangazia gwarideni kwamba wanatunga programu ya kukokotoa bei za bidhaa kwa shilingi ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda. Makofi yalipigwa, nami nilipiga. Lakini tangu siku hiyo nasikia watu bwenini wakisema ati hiyo ni kazi ya dakika mbili, kwani si ni kuzidisha na kugawanya tu? La hasha! Hapo ndipo ninapopinga.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Ukiteremka na barabara kuu kutoka Rongo, Awendo, Migori mjini hadi Isebania, unafika mahali ambapo lami ni ileile lakini pesa si ileile. Ng'ambo ni Sirari, Tanzania. Upande wa ziwa kuna Migingo, kisiwa ambacho ugomvi wake kati ya Kenya na Uganda ulivuma sana mwaka 2009, na huko mvuvi hutia noti za nchi mbili mfuko mmoja. Nasi wa Homa Bay tusijitenge. Mchele uliotoka Sirari ukifika soko letu, bei yake imeshapitia kwenye kiwango cha kubadilisha fedha kabla haujaingia kwenye gorogoro la mama.

Babu zetu hawakuijua taabu hii. Tangu miaka ya 1920 Afrika Mashariki ilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu, mpaka mwaka 1966 kila nchi ilipotoa ya kwake. Wapo wanaosema tungoje, pesa moja itarudi. Ni kweli, mkataba wa umoja wa fedha ulitiwa sahihi Kampala mwezi Novemba 2013, na mwaka 2024 ukatajwa kuwa ndio wa kuanza. Mwaka huo ulipita hivi hivi, na lengo likasogezwa hadi 2031. Jamani, mchele haungoji 2031.

Sasa tazama kiwango kinavyocheza. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya; katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kwa hivyo shilingi yetu moja, iliyokuwa ikipata kama 16 za Tanzania, ikawa inapata kama 20. Tuseme gunia la mchele ni shilingi 240,000 za Tanzania. Kwa 16, mnunuzi wetu anatoa 15,000 za Kenya. Kwa 20, anatoa 12,000. Elfu tatu nzima! Shangazi yangu, ambaye huuza mchele, aliendelea kutozwa kwa kiwango cha zamani kwa wiki kadhaa. Aliyemuuzia alikuwa na daftari la bei za Kenya peke yake, bila kiwango wala tarehe. Angebishana na nini? Karo ya binamu yangu ilipungukiwa muhula ule, na alikaa nyumbani siku tisa.

Ndiyo maana nasema bei ihifadhiwe kwa pesa iliyopangiwa, yaani mchele wa Sirari ubaki kwa shilingi za Tanzania, na kando yake kiandikwe kiwango, tarehe yake, na kama ni cha kununua au cha kuuza. Wabadilishaji pesa pale mpakani wana viwango viwili, kila mtu anajua.

Kisha kuna ujanja wa desimali. Mtunzi mvivu atageuza kiwango na kukikata kwenye tarakimu mbili. Kwa 20 hakuna shida, 1 gawanya kwa 20 ni 0.05 kamili. Lakini kikiwa 18, jibu ni 0.0556 na ushee, naye ataandika 0.06. Gunia letu la 240,000 litakuwa 14,400 badala ya 13,333. Mnunuzi ameliwa zaidi ya elfu moja na hakuna mwizi wa kushikwa! Kikiwa 16 ni muuzaji anayelia, kwa kuwa 0.0625 nayo inakuwa 0.06, na 15,000 zake zinakuwa 14,400.

Kukadiria nako kuna mahali pake. Kalamu ya shilingi 350 za Tanzania kwa kiwango cha 20 ni 17.50 zetu. Ukiipandisha kuwa 18 kwanza ndipo uzidishe kwa kalamu 200, unapata 3,600. Ukizidisha kwanza, ni 3,500. Na kompyuta yenyewe si malaika: kwa kuwa huhesabu kwa mbilimbili, lugha nyingi za programu ukizipa 0.1 jumlisha 0.2 hukurudishia 0.30000000000000004. Kwa hivyo watunzi makini huweka pesa kwa senti nzima, 17.50 ikawa senti 1,750. Tena waangalie orodha ya kimataifa ya ISO 4217: shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu mbili za senti, ya Uganda haina hata moja. Kuna maktaba za programu zilizokwisha kutungwa zinazojua haya yote, na nyingine hukataa katakata kujumlisha pesa za nchi mbili bila kupewa kiwango, kama vile mtu asivyoweza kujumlisha gorogoro na mita. Chama kitumie mojawapo. Kutumia jembe la jirani si aibu.

Mwalimu mmoja aliniuliza mambo haya yanahusu nini Chama cha Kiswahili. Yanahusu, mwalimu. Programu hiyo ikiandikwa kwa Kiingereza kitupu, shangazi hataona neno "kiwango" popote, nasi tutakuwa tumempa daftari lilelile lenye taa.

Basi siku ya maonyesho, naomba Chama cha Kompyuta wasitupe mfano wa 20. Watuwekee 18, gunia moja la mchele na kalamu 200, nasi tutakuwa tumekaa mbele na karatasi zetu.